Somoe na Karanga Kumi na Sita

Somoe ana miaka minane. Jina lake kamili ni Somoe Chilumba. Anakaa Masasi, karibu na mlima wa mawe makubwa.

Baba yake ni Bwana Chilumba Saidi. Yeye ni fundi wa kushona nguo. Cherehani yake iko barazani.

Tra-tra-tra-tra! Baba akishona, huimba. Akiimba, husikika mpaka nyumba ya tatu.

Ndani, chumbani kwa Mama, kuna mtoto mchanga. Ni mdogo wake Somoe. Ana siku thelathini na tano.

Kwao, mtoto mchanga hukaa ndani siku arobaini. Siku ya arobaini hutolewa nje. Ndugu na majirani hukusanyika. Jina lake husemwa kwa sauti mbele yao, kwa mara ya kwanza.

"Mama," alisema Somoe, "siku ya kumtoa mtoto, nitamkaribisha kwa shairi."

"Shairi la nani?" aliuliza Mama.

"Langu mwenyewe."

Mama alitabasamu. "Haya, mwanangu. Lakini arobaini ni Jumamosi. Haingojei mtu."

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Na Somoe hakuwahi kutunga shairi hata moja.

Asubuhi hiyo, Mwalimu Fidea Hokororo aliingia darasani. Mkononi alikuwa na kikapu. Ndani ya kikapu kulikuwa na karanga.

"Tutakula, Mwalimu?" aliuliza Chande. Chande ni binamu yake Somoe. Wanakaa dawati moja.

"Hatuli," alisema Mwalimu Fidea. "Leo tunapima maneno."

Mwalimu alisema polepole, "Ku-ku wa-ngu a-na wa-na." Kwa kila kipande cha neno, aliweka karanga moja mezani.

Tak, tak, tak, tak. Tak, tak, tak, tak.

"Ngapi?"

"Naneee!" walijibu watoto.

"Kila karanga ni mizani moja. Sasa tunaacha nafasi. Tunaweka nane nyingine upande wa pili." Tak, tak, tak, tak. Tak, tak, tak, tak.

"Huo ni mshororo mmoja," alisema Mwalimu. "Mshororo ni mstari wa shairi. Una karanga kumi na sita. Semeni nami:

*Nane huku, nane huku,
hakuna inayozidi!*"

Watoto wakasema. Wakapiga makofi. Wakasema tena.

*Nane huku, nane huku,
hakuna inayozidi!*

Kisha Mwalimu Fidea akaandika ubaoni shairi la mishororo miwili.

*Kuku wangu ana wana, wamejificha uani,
Nikiwaita mchana, huja mbio mlangoni.*

"Sikilizeni katikati: wana, mchana. Sikilizeni mwishoni: uani, mlangoni. Sauti zinafanana. Hivyo ni vina. Na shairi la mishororo miwili linaitwa tathnia. Liiteni kwa jina lake."

"Tathnia!"

Watoto wakaanza kupanga karanga zao. Tak, tak, tak. Chande aliinua mkono.

"Mwalimu, mizani zangu mbili zimepotea."

"Zimepotea wapi?"

Chande alifumba mdomo. Mashavu yake yalikuwa yamejaa.

"Chande, fungua mdomo."

Darasa zima likacheka. Mshororo wa Chande ulikuwa umeliwa.

Jumanne, Mwalimu Fidea alifundisha mishororo mitatu. "Hii inaitwa tathlitha," alisema. "Nani atajaribu?"

Chande alisimama. Safari hii mdomo ulikuwa mtupu.

*Mbuzi wetu ana ndevu, na babu pia anazo,
Mbuzi akila mabivu, babu huleta mzozo,
Wakigombana kwa nguvu, wote hawana mchezo!*

Watoto walicheka mpaka karanga zikadondoka. Mwalimu Fidea alihesabu kwa vidole. Kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

*Nane huku, nane huku,
hakuna inayozidi!*

"Vizuri sana, Chande. Ila babu yako asisikie."

Jumatano ikaja mishororo minne. "Hii ni tarbia," alisema Mwalimu. "Ni kama chumba. Ina kuta nne. Anayetaka kumkaribisha mtu, amjengee tarbia."

Somoe alikaa wima. Tarbia! Hiyo ndiyo aliyoitaka.

Jioni, Somoe alikaa kwenye mkeka uani. Alikuwa na karanga zake kumi na sita. Akaanza.

"Karibu Kamaludini Chilumba."

Hilo ndilo jina la mdogo wake. Kamaludini Chilumba.

Ka-ri-bu. Tak, tak, tak. Ka-ma-lu-di-ni. Tak, tak, tak, tak, tak. Nane zimekwisha. Chi-lu-mba. Tak, tak, tak.

Karanga tatu zilikuwa zimezidi.

Akajaribu tena. "Mdogo wangu Kamaludini Chilumba." Zikazidi tano.

Akajaribu tena. "Karibu sana Kamaludini Chilumba." Zikazidi tano vilevile.

"Sijashindwa," alisema Somoe. "Bado kuna kesho."

Alhamisi, wakitoka shule, alimweleza Chande.

"Rahisi tu," alisema Chande. "Kata Chilumba. Sema 'Karibu Kamaludini.' Hesabu."

Somoe akahesabu kwa vidole. Ka-ri-bu Ka-ma-lu-di-ni. Nane! Nane kamili!

Alikimbia mpaka nyumbani. Baba alikuwa barazani. Tra-tra-tra-tra!

"Shikamoo, Baba!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio?"

"Nimepata mwanzo! Sikiliza. 'Karibu Kamaludini.'"

Cherehani ikanyamaza. Baba aliweka mkasi chini.

"Huyo Kamaludini ni wa nani?"

"Wetu, Baba."

"Kwa Bwana Mkadimba, pale kisimani, kuna Kamaludini. Kwa Bi Tabia kuna Kamaludini. Wa kwetu ni nani?"

"Kamaludini Chilumba," alisema Somoe, kwa sauti ndogo.

"Basi. Siku ya arobaini, jina la mtoto husemwa zima. Halikatwi."

"Lakini halienei, Baba! Limezidi karanga tatu!"

Baba alifikiri kidogo. "Nguo isipomwenea mtu," alisema, "fundi hamkati mtu. Anaishona nguo upya."

Tra-tra-tra-tra! Akaendelea kushona.

Ijumaa ikafika. Ilikuwa siku ya mwisho ya shule kabla ya arobaini. Somoe alipanga karanga zake juu ya dawati. Ka-ri-bu Ka-ma-lu-di-ni Chi-lu-mba. Tatu zikazidi, kama jana na juzi.

Chande alichungulia. Akaimba chinichini:

*Nane huku, nane huku,
lakini tatu zazidi!*

"Nyamaza, Chande."

Mwalimu Fidea alikuja na kusimama karibu. "Somoe, kwa nini kila mara unaanza na karibu?"

"Mwalimu, mgeni hukaribishwa kwanza. Kumtaja jina tu, bila karibu, si adabu."

"Adabu ni njema," alisema Mwalimu Fidea. "Endelea." Akaenda dawati lingine.

Chande alisogea. "Binamu, mwite Kamalu. Jina fupi. Kamalu! Kamalu! Kama kuku anavyoitwa."

Somoe alikasirika. Alikunja ngumi. Akagonga dawati kwa kila kipande cha jina.

"Haitwi Kamalu! Anaitwa Ka! Ma! Lu! Di! Ni! Chi! Lu! Mba!"

Ko! Ko! Ko! Ko! Ko! Ko! Ko! Ko!

Karanga zikaruka. Darasa zima likageuka.

Chande alikuwa ameinua vidole vyake. Alikuwa akihesabu bila kujijua. Alivitazama vidole. Akamtazama Somoe.

"Binamu," alisema, "ni nane."

Somoe alipanga karanga upya. Polepole. Ka-ma-lu-di-ni. Tano. Chi-lu-mba. Tatu.

Nane! Jina zima. Halikukatwa. Lilijaa upande mmoja wote, kama mguu katika kiatu chake.

"Na karibu itakaa wapi?" aliuliza Chande.

Somoe alifumba macho. Alimkumbuka Baba barazani. Baba akimwona mteja barabarani, husemaje? Husema, "Mzee Lukasi! Karibu!" Husema, "Bi Tabia! Karibu!" Kwanza jina, karibu papo hapo. Na hakuna mteja aliyewahi kununa.

"Karibu itakaa upande wa pili!" alisema Somoe.

Ka-ri-bu kwe-tu nyu-mba-ni. Tak, tak, tak, tak. Tak, tak, tak, tak.

Somoe na Chande wakasema pamoja:

*Nane huku, nane huku,
hakuna inayozidi!*

Ukuta mmoja ulikuwa umesimama. Bado kuta tatu. Somoe alichukua penseli. Aliandika. Akafuta. Akaandika tena. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, tarbia ilikuwa na kuta nne.

Jumamosi asubuhi, baraza ilijaa watu. Cherehani ilisogezwa pembeni na kufunikwa kanga. Mwalimu Fidea Hokororo alikuja. Chande alikuja na babu yake mwenye ndevu.

Mlango ukafunguliwa. Mama akatoka, amevaa kanga mpya. Bibi yake Somoe akatoka nyuma yake. Mikononi mwa Bibi kulikuwa na mtoto.

Mtoto aliliona jua. Akakunja uso. Chya! Akapiga chafya.

"Afya!" walisema watu, wakicheka.

Baba alisimama. Akasema kwa sauti, "Mtoto huyu ni Kamaludini Chilumba." Kisha akamgeukia Somoe. "Dada yake ana neno."

Watu wote wakamtazama Somoe. Alipiga hatua moja mbele.

Alimwangalia mdogo wake. Akasema:

*Kamaludini Chilumba, karibu kwetu nyumbani,
Baba yako anaimba, asikiwa na jirani,
Umelala kwenye pamba, sasa njoo barazani,
Mimi dada ninaomba, ukue, uje shuleni.*

Mtoto alifumbua macho. Alimtazama Somoe muda mrefu. Watoto wachanga hutazama hivyo wanaposikia sauti wanayoijua.

"Vigelegele!" alisema Bibi. Wanawake wakapiga vigelegele. Lililililili!

Baba hakupiga vigelegele wala makofi. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa Somoe.

"Limeenea," alisema.

Kwa fundi wa kushona nguo, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Babu yake Chande alikohoa. "Shairi zuri sana," alisema. "Na huyu mjukuu wangu, yeye ametunga nini?"

Chande aliangalia chini. "Nimetunga la mbuzi, Babu."

"Lisome!"

Chande alimtazama Mwalimu Fidea. Mwalimu Fidea alitazama juu, kama aliyeona ndege. Babu alikuwa akingoja, basi Chande akalisoma lote, pamoja na ndevu.

Kwanza Babu alimkazia macho Chande. Kisha ndevu zake zikaanza kucheza. Kisha mabega. Kisha Babu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kweli kabisa!" alisema. "Yule mbuzi hana mchezo!"

Watu wakala wali. Wakanywa chai ya tangawizi. Na karanga? Siku hiyo Chande alikula alizotaka, na hakuna aliyemwambia afungue mdomo.

Jua likazama nyuma ya mlima wa mawe. Wageni wakarudi kwao. Mama akamlaza mtoto. Somoe akajilaza kwenye mkeka, kando yake.

"Mama, nimsomee tena?"

"Msomee, lakini taratibu."

Somoe alisema mshororo wa kwanza. Mtoto akapiga mwayo.

Alisema mshororo wa pili. Macho ya mtoto yakawa madogo.

Alisema mshororo wa tatu, kwa sauti ndogo zaidi. Mtoto akalala fofofo.

Mama alingoja mshororo wa nne. Akangoja. Kisha akawafunika wote wawili kwa kanga moja.

Somoe naye alikuwa amelala.