Pande la Shingo

Yaliyompata rafiki yangu, fundi cherehani, sikuyaona, lakini sahani niliiona.

Marehemu mumewe hakumruhusu aguse jiko la kuchomea nyama pale uani. Kwa miaka thelathini, kila nyama ilipoiva, aligonga koleo mara tatu kwenye wavu, mke akimbie na sahani, apewe pande la shingo lililoungua. "Lako hilo, mama. Minofu ina wenyewe."

Siku ya mazishi rafiki yangu alilitumbukiza koleo chooni. Wapo waliomlaumu. Mimi nilimshikia mlango.

Wiki iliyofuata alinunua minofu mitupu, hata mfupa hakutaka, akawasha jiko na kugeuza nyama kwa uma. "Leo nakula hadi nicheuke," alinitambia kwa simu. Giza lilipoanza kuingia, umeme ukakatika. Akaingia ndani kupapasa kibiriti, ndipo akasikia kule uani: ko, ko, ko.

"Ni paka," nilimwambia alipokuja mbio kuniita.

"Mwenzangu, paka gani anayepakua?"

Tulipofika uani, wavu ulikuwa mtupu. Sahani aliyoiacha kabatini ilikuwa kando ya jiko, na juu yake pande moja la shingo, jeusi, bado linachuruza mafuta, lina alama za meno ya koleo huku na huku.