Chungu cha Mama Tusekile

Mama alipika uji, chungu kikavuma wimbo;
Wakaja wana wa mji, kila mmoja na chombo.

Tusekile alikuwa na miaka minane. Aliishi juu ya kilima chenye migomba, pembezoni mwa mji wa Tukuyu. Huko, asubuhi, ukungu hushuka mpaka mlangoni.

Mama yake alikuwa na chungu kikubwa, cheusi. Kila Jumamosi alipika uji ndani yake. Ulikuwa uji wa watoto wote wa kilima.

Mama alikoroga kwa mwiko mrefu. Chungu kilisema: pwatu, pwatu, pwatu. Naye Mama aliimba:

*Koroga kwa taratibu,*
*Mlango wazi, karibu.*

Uji ulipoiva, Mama alichukua upawa, akagonga mlango kwa mpini wake. Ko, ko, ko. Watoto walikuja na vikombe vyao, wakaketi mkekani.

Wote waliketi. Mama peke yake alisimama.

"Mama, mbona huketi?" Tusekile aliuliza siku moja.

"Nikiketi, mwanangu, nitaonaje nani hajapata?"

Mvua za masika zilipoanza, Mama aliugua. Mvua zilipokwisha, Mama alikuwa amefariki. Walimzika nyuma ya migomba. Kilima kizima kililia.

Jumamosi ikaja, chungu kikawa kimya. Ikaja nyingine, kikawa kimya. Baba alikifudikiza pembeni mwa jiko. Watoto hawakuja tena.

Kisha alikuja Shangazi Subilaga, dada yake Baba. Alikitazama chungu. Akamtazama buibui aliyekaa juu yake.

"Kaka, chungu hiki kimeshapata mpangaji," alisema. "Jumamosi mchana nitaondoka nacho. Kwangu kitapata kazi."

Kabla Baba hajajibu, Tusekile alisema:

"Shangazi, hata hapa kazi kinayo. Nitapika mimi."

"Wewe? Mwiko wenyewe umekuzidi kimo."

"Nitapanda kigoda."

Shangazi alicheka kidogo. Baba hakucheka.

"Basi apike Jumamosi," Baba alisema. "Watoto wakija wakanywa, chungu kitabaki. Wasipokuja, Dada, utakichukua."

"Haya," Shangazi alisema. "Lakini uji wenye madonge mimi sinywi."

Ijumaa, Tusekile alifanya majaribio kwa sufuria ndogo. Alichemsha maji. Akamimina unga. Akakoroga, akakoroga.

*Koroga kwa taratibu,*
*Mlango wazi, karibu.*

Mkono ulimuuma, lakini hakuacha. Hata hivyo, uji ulijaa madonge. Madonge makubwa, kama mayai ya kware.

Mdogo wake, Lusajo, alikuwa na miaka minne. Alionja. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Dada, uji wako una mawe."

Wakawamwagia kuku. Kuku wakadonoa: do, do, do.

"Kuku wanasema asante," Lusajo alisema.

Tusekile hakucheka. Aliketi chini, akashika tama.

"Kesho Shangazi ataondoka na chungu cha Mama," alisema. Chozi moja likashuka mpaka kidevuni.

Lusajo aliangua bakuli la buluu lililoning'inia ukutani, akalivaa kichwani kama kofia.

"Hilo ni bakuli la Mama," Tusekile alisema. "Lirudishe."

"Lilikuwa la nini?" Lusajo aliuliza chini ya kofia yake. "Humu hatukula wali. Humu hatukula ndizi. Lilikuwa la nini?"

Tusekile akafikiri. Kweli, lilikuwa la nini?

Polepole, mkono wake ukapanda, ukagusa pua.

Akakumbuka tone. Tone jeupe, la baridi, kwenye ncha ya pua. Kila Jumamosi, kabla ya uji kuingia chunguni, Mama alichovya kidole ndani ya bakuli la buluu. Alimpaka Tusekile puani. Kisha walicheka, wote wawili.

"Maji baridi," Tusekile alisema. Akasimama. "Lusajo, Mama aliuvuruga unga kwa maji baridi kwanza! Aliuvuruga humu, ndani ya kofia yako."

Jumamosi ilifika na ukungu mzito. Migomba haikuonekana. Njia haikuonekana.

Baba aliwasha moto. Alimhamisha buibui kwa heshima zote, akamweka dirishani. Akakiinua chungu, akakiweka juu ya mafiga.

Tusekile alitia unga katika bakuli la buluu. Akatia maji baridi. Akavuruga mpaka ukalainika kama maziwa. Kisha akachovya kidole, akampaka Lusajo puani.

"Baridi," Lusajo alisema, akacheka.

Baba alisogeza kigoda, akakishika kwa mikono miwili kisiyumbe. Tusekile akapanda. Maji yalikuwa yanachemka. Akamimina, akakoroga. Pwatu, pwatu, pwatu.

*Koroga kwa taratibu,*
*Mlango wazi, karibu.*

Uji ukawa mzito. Ukang'aa. Haukuwa na donge hata moja.

Tusekile alichukua upawa, akaenda mlangoni. Ko, ko, ko.

Kimya. Ukungu mtupu.

Shangazi Subilaga alikuwa ameketi kando ya mzigo wake. Kamba ya kufungia chungu ilikuwa mapajani pake.

"Gonga tena," Baba alisema.

Ko, ko, ko.

Kimya.

"Watoto wamelala?" Lusajo aliuliza.

"Hawajalala," Tusekile alisema. "Hawajui kuwa ni sisi."

Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Akaimba kwa sauti yake yote:

*Koroga kwa taratibu …*

Akangoja. Baba akangoja. Chungu kikasema polepole: pwatu.

Ndipo sauti moja, ndogo, ikajibu kutoka ndani ya ukungu:

*Mlango wazi, karibu.*

Ikajibu sauti ya pili. Ikajibu ya tatu. Halafu kilima kizima kikaitikia, juu na chini, kulia na kushoto:

*Mlango wazi, karibu.*

Chapa, chapa, chapa. Miguu ilikuja mbio katika umande. Kikombe chekundu kikatokea kwenye ukungu. Nyuma ya kikombe akatokea Ambakisye, mtoto wa jirani, akihema.

"Tulidhani mlango umefungwa," alisema.

"Haujafungwa," Tusekile alijibu. "Karibu."

Wakaja wenye vikombe vya bati. Wakaja wenye vikombe vya plastiki. Mmoja alikuja na kopo, mwingine na kifuniko cha chupa ya chai. Mkeka ukajaa, Baba akatandika mwingine.

Tusekile akachota, akamimina. Akachota, akamimina. Fuu, fuu, watoto wakapuliza. Furu, furu, wakanywa.

Shangazi Subilaga akanyoosha kikombe chake. Alikunywa funda moja. Akalizungusha mdomoni, huku na huku, akitafuta donge.

"Lipo?" Lusajo aliuliza.

"Subiri," Shangazi alisema. Akanywa funda la pili. Akanywa la tatu. "Halipo."

"Basi chungu kinabaki?"

"Kinabaki." Shangazi akaitupa kamba nyuma ya mlango. "Na mimi nabaki, mpaka nipate kikombe cha pili."

Watoto wakapiga makofi. Wengine walipiga vikombe. Kelele zikapanda juu ya migomba, na ukungu ukaanza kufunguka.

Baba aliketi kati ya watoto. Alikuwa na uji kwenye masharubu. Tangu masika, hakuna aliyemwona akitabasamu. Sasa wote walimwona.

"Dada," Lusajo aliita, "mbona huketi?"

Tusekile alitazama mkeka wa kwanza, kikombe kwa kikombe. Akatazama mkeka wa pili.

"Nikiketi," alisema, "nitaonaje nani hajapata?"

Baba ameketi. Shangazi ameketi. Lusajo na watoto wote wa kilima wameketi.

Aliyesimama ni Tusekile, na upawa mkononi.