Waya wa Gia

Rafiki yangu, fundi wa giaboksi za otomatiki, aliletewa gari kuukuu na mama mmoja mjane. Lilikuwa likichelewa kushika gia.

Mchana ule wenzake walikuwa wameenda kula. Akafunga milango ya gari, akatia ufunguo mfukoni, akashuka na tochi kwenye shimo la gereji, chini ya gari. Kimya kikamlemea, akatamani hata redio.

Mara akasikia juu yake: tak, tak, tak. Waya wa gia ukavutika mbele ya macho yake, kisha ukarudi.

Akampigia mama simu. "Mama, umemwacha mtu garini?"

"Mtu gani, mwanangu? Tangu mzee atangulie, naenda peke yangu kila mahali."

Ndipo springi zikalia, gari likainuka taratibu, kama mtu mzito anaposhuka. Hakuna mlango uliofunguka.