Nguzo Isiyojibu

Msusi alifanya kazi bila moto wala cheche. Ndani ya chumba kisicho na hewa, katikati ya kiwanda cha Isaka Mpya, mtambo huo ulioitwa jina la binadamu ulizishika atomu za metali kwa vidole vya mwanga, mabilioni kwa mkupuo, ukazipanga tabaka juu ya tabaka. Asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Jioni kilitoa nguzo nyeusi, nyembamba kama shina la mpapai, yenye kubeba mwamba wa mlima.

Aliyeibuni metali hiyo, Dakta Nyamizi Kitwala, aliwaeleza wageni siri yake kwa machungwa. Atomu za chuma safi zina ukubwa mmoja, alisema, kama machungwa yaliyopangwa sokoni. Ukisukuma safu moja, inateleza juu ya nyingine. Hata hivyo safu hazitengani, kwa sababu elektroni za nje za metali hazina mwenyewe. Huzunguka kote na kuzifunga atomu zote pamoja. Ndiyo maana msumari hupinda bila kukatika. Lakini ukichanganya mabalungi na ndimu kwenye yale machungwa, safu zinakwama. Nyamizi alichanganya atomu za ukubwa wa namna tano, kila moja mahali pake. Katika metali yake hakuna kilichoteleza.

Nguzo hizo zilipelekwa kwenye mgodi wa nikeli ulio chini ya mji, kushikilia dari za njia ambazo zamani hakuna aliyethubutu kuzichimba.

Siku dari ya njia ya kaskazini ilipoanza kushuka, Nyamizi aliiona kwenye kioo cha kompyuta yake kiwandani. Vipimo vilivyofungwa kwenye nguzo za mwisho vilionyesha mzigo umekaribia ukomo. Alimwita kwa redio Luhende, msimamizi wa zamu.

"Kaka Luhende, toa watu njia ya kaskazini. Sasa hivi."

"Daktari! Hata salamu?"

"Salamu baadaye. Nguzo zimeelemewa. King'ora hamkisikii?"

"King'ora kinalia kila wiki, hata panya akipita. Mimi nimeisalimia nguzo mwenyewe. Imenyamaza kama mkwe ukweni."

Nyuma yake sauti ya kijana ilidakia, "Mwambie nimeiamkia mara mbili, haijibu. Haina adabu!" Watu wakacheka. Huyo alikuwa Kashindye, mchimbaji aliyeshindwa kukaa bila mzaha.

Nyamizi hakuelewa. "Mnaisalimia vipi?"

Luhende alimweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni. Tangu enzi za babu zao, kabla ya kuingia njiani mchimbaji huweka kiganja kwenye nguzo, husema shikamoo, na wote hunyamaza. Nguzo ikiguna au kulia, imeitika marahaba. Hapo hakuna kuulizana, watu hutoka. "Mashine hudanganya," alisema. "Nguzo haijawahi kutudanganya."

Hapo Nyamizi akaelewa. Nguzo za zamani, za mti na za chuma cha kawaida, zilipoelemewa zilipinda kidogo kidogo, na kupinda kuna sauti. Zake hazikupinda. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye taarifa ya majaribio kama sifa.

"Haitajibu," alisema. "Hata ikibakiza pumzi moja, haitajibu. Kinacholia ni metali inayopinda, na mimi nimeizuia hii isipinde. Mimi ndiye niliyeinyamazisha."

"Hukutuambia, Daktari."

"Sikujua kama mnaisikiliza."

Kisha akamsikia Luhende akipiga kelele, si kwake. "Tokeni! Acheni vyombo! Tokeni wote!"

Kwenye kioo, kila mchimbaji alikuwa nukta ya kijani. Nukta zikaanza kukimbilia lifti. Moja ilibaki penye nguzo ya mwisho.

"Kashindye! Acha masihara!"

"Nakuja, mkubwa, nachukua tochi tu. Mbona haijasema kit..."

Nguzo haikupasuka kwanza wala kupinda. Ilikuwa nzima, kisha ikawa vipande. Luhende alieleza baadaye kwamba alichosikia ni mwamba tu.

Baada ya maziko ya Kashindye, uongozi wa mgodi ulipendekeza king'ora chenye sauti kubwa zaidi. Nyamizi alikataa, akarudi kwa Msusi. Hata metali ngumu, ikikaribia kuvunjika, hufupika kiasi ambacho jicho halikioni. Aliagiza kila nguzo itobolewe mfereji ubavuni, na ndani yake iwekwe fimbo ya bati halisi, si mabati ya kuezekea, ile metali laini ambayo fuwele zake hujigeuza inapopindwa, zikitoa mlio. Nguzo ikifupika kufikia kiwango cha hatari, itaipinda fimbo.

"Unaidhoofisha kwa makusudi?" aliuliza mkurugenzi.

"Kwa sehemu moja ya kumi. Ndiyo."

Siku ya majaribio aliwaalika wachimbaji kiwandani. Nguzo mpya iliwekwa chini ya mashine kubwa ya kukandamiza, inayosukumwa kwa mafuta. Luhende alisogea, akavua kofia, akaweka kiganja kwenye metali baridi.

"Shikamoo," alisema. Ukumbi ukatulia.

Mashine ilishuka polepole, ikiibana nguzo. Nyamizi naye aliweka kiganja chake upande wa pili. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha, ndani ya nguzo, kikatoka kilio chembamba, kikavu, kama cha mlango wa zamani.

Nyamizi alisoma vipimo. Muda uliobaki kabla nguzo haijavunjika ulimtosha mtu kutembea njia nzima ya kaskazini, hata akirudi kuchukua tochi. Alibaki pale, kiganja juu ya metali, akisikiliza.

Alipoinua macho, ukumbi ulikuwa mtupu. Hakuna aliyewaamuru, wachimbaji wote walikuwa wamekwisha toka. Luhende alisimama mlangoni, kofia mkononi, akimtazama kwa ukali.

"Daktari," alisema, "imeitika. Toka."