Nikizidiwa, Naomba Msaada

Dobi alitoka chooni akakuta mashuka yamekunjwa. Yote. Rundo ambalo lingemla mchana mzima lilikuwa limepangwa rafuni kona kwa kona, na chumba cha kufulia cha nyumba ile ya wageni kilinuka udi uliomwagiwa maji ya chumvi. Alikuwa peke yake zamu ile. Mwenye akili zake angetimua mbio. Yeye, kwa jinsi alivyochoka, alikaa juu ya ndoo akashukuru.

Kosa lilianzia kwenye maandalizi ya usaili. Dobi aliitaka kazi ya kusafisha vyumba kwenye meli ya watalii kuliko alivyotaka kula, na wifi yake, aliyewahi kufanya kazi melini, alikuwa akimfundisha majibu.

"Watakuuliza: kazi imekuzidi, abiria wanafoka, hujalala, unafanyaje? Usiseme huchoki, wifi, watajua muongo. Sema, nikizidiwa naomba msaada mapema."

"Namwomba nani?"

"Wewe sema tu! Kaka yangu naye, alioa mbishi."

Basi kila siku, kazini, Dobi aliliambia pipa la mashuka machafu: nikizidiwa, naomba msaada. Alisema kwa moyo wote, kama alivyoagizwa. Hakutaja anamwomba nani, na aliyesikia akaitika.

Tangu hapo pasi ilihema yenyewe nyuma ya pazia, maji yakajimwaga beseni kwa beseni, na Dobi akawa anarudi nyumbani mwepesi, anaimba. Binti yake ndiye aliyeanza kuchoka. Mtoto wa kuruka kamba kutwa, sasa alisinzia na kijiko mdomoni. Hospitali hawakuona kitu. Alasiri moja Dobi alimkuta ameketi sakafuni, anajikanda kiuno kwa ngumi kama anavyojikanda yeye mwenyewe baada ya zamu, na alipomfungua viganja akaona vimechubuka kwa sabuni, viganja vya mtoto ambaye hajawahi kufua hata leso, vinanuka ule ule udi wa maji ya chumvi, na mtoto akamwuliza taratibu, bila kulia, "Mama, yale mashuka yataisha lini?"

Wifi ndiye aliyempeleka kwa mganga, safari hii bila utani.

"Jini huyu hukumwona, lakini ulimwita," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Amekusaidia kweli. Ila uchovu hautupi popote. Anamtwisha yule umpendaye kuliko wote. Siku ya usaili, ukiulizwa lile swali, likane lile jibu kwa sauti."

"Nitakosa kazi."

"Utakosa."

Msaili alikuwa mwanamke mwenye macho mekundu, amevua viatu chini ya meza. Aliuliza hili na lile, kisha akalifikia lile swali. "Kazi ikikuzidi, unafanyaje?"

Udi ukapanda. Dobi alihisi pumzi ya baridi ikitua kwenye kisogo chake, na lile jibu zuri likamjia lenyewe ulimini, na mikono ikawa myepesi mno, na akaiona meli, kitanda chake mwenyewe, mshahara wake, miaka ya kutofua tena mashuka ya watu, vyote vikimsubiri aseme maneno matatu tu, na nyuma yake kitu kikanong'ona, kwa upole kabisa, *sema*.

"Siombi msaada," alisema. "Siombi kwa anayeonekana wala asiyeonekana. Uchovu wangu naubeba mwenyewe."

Kila rundo alilosaidiwa likamrudia mgongoni kwa mpigo mmoja. Akaishika meza asianguke. Simu ikaita, alikuwa wifi, anapiga kelele: "Mtoto kaamka! Anadai kamba yake!"

Dobi akalia, kwa furaha na kwa uchungu.

"Pole, mama, jibu hilo siwezi kulipitisha," msaili alisema. Akafumba macho, akajinyoosha shingo. "Tangu asubuhi nauliza watu maswali. Na mimi jamani ningepata wa kunisaidia, yeyote yule."

Harufu ikavuka meza. Makaratasi yaliyotapakaa mbele ya msaili yakajipanga polepole, kona kwa kona, na mwanamke yule akafumbua macho maangavu, akakaa wima, akiushangaa wepesi wake.

Dobi alitaka kupiga ukelele. Uchovu ulimkaba, ikatoka sauti ndogo tu.

"Dada, una mtoto?"

"Mapacha," msaili alisema akitabasamu. "Kwa nini?"