Fundo Kwenye Wali wa Mama Khadija

Kwenye gati ya mashua za kwenda Yangambi, watu wa Kisangani wamezoea kunusa samaki wa kukausha, mawese na mazutu ya injini, wala hakuna anayelalamika. Lakini asubuhi ile Priscille alisimama katikati ya wapagazi, gunia la mchele alilotumiwa na mama yake wa ubatizo likiwa miguuni pake, akanusa kitu kingine kabisa: wali, loso kama wauitavyo huko, uliofunuliwa sasa hivi. Akageuka huku na huku. Hapakuwa na jiko wala sufuria. Palikuwa na kijana mrefu tu, suruali imekunjwa hadi magotini, anashuka kwenye ubao wa mashua amekumbatia mfuko uliolowa.

"Weye," Priscille akamwita, "unaficha loso wapi?"

"Loso gani?"

"Ile niko na sikia harufu yake. Usinidanganye, mi ni mutu wa kula."

Kijana akacheka mpaka akakaribia kuangusha mzigo wake. Akafungua mdomo wa mfuko. Ndani mlikuwa na majani matupu, marefu na membamba, ya kijani kibichi. Akakata ncha ya jani moja, akaifikicha kiganjani, akamsogezea puani.

"Mungu wangu," Priscille akasema. "Ni loso kabisa!"

"Inaitwa pandani. Unafunga jani fundo, unatia ku sufuria pamoja na muchele. Ikianza kuchemka, jirani anakuya kuomba chumvi na chumvi iko kwake."

"Na weye unaitwa nani, mwenye majani?"

"Sefu."

"Mi Priscille. Na usijidanganye, Sefu. Nimependa majani, sijapenda mutu."

Alisema hivyo, lakini alikuwa amevaa liputa lake la kitenge cha buluu lenye maua ya njano, lile analovaa siku anapojisikia mzuri, na alijua vizuri kwamba kijana alikuwa ameliona. Sefu akambebea mchele hadi kwa dereva wa toleka, akaufunga nyuma ya baiskeli, na juu yake akaweka kichipukizi kimoja chenye mizizi, alichokichomoa chini ya majani mfukoni. Wakabadilishana namba za simu hapohapo. Mapenzi mengine huanza kwa maua, haya yalianza kwa njaa.

Priscille aliishi na dada yake, Chancelle, katika komini ya Tshopo, na mchana aliuza vitenge kwenye duka moja mjini. Alipanda kichipukizi kwenye beseni kuukuu nyuma ya nyumba. Sefu alifanya kazi Yangambi, alikoishi na mjomba wake, katika utafiti wa mazao, lakini Jumamosi zake zote zikahamia uani kwa Chancelle. Huko, mbele ya mbabula, jiko la mkaa lenye makaa mekundu, alimfundisha Priscille kuosha jani, kulikunja, kulifunga fundo na kulitosa kwenye maji ya wali. Mwenyewe alifundishwa na mgeni wa Indonesia aliyekuja kutafiti michikichi.

"Kaza kidogo, chérie. Ikifunguka, inakuwa mboga."

"Mi nakaza. Weye ndiyo unalegeza na macho yako."

Miezi ilipopita na wakati wa kusema ukweli ukafika, Sefu akataka kuoa. Hapo ndipo Priscille alipoanza kukosa usingizi. Wazazi wake walitoka Bukavu, yeye amelelewa kwa bugali. Akina Sefu ni ukoo wa Kiislamu wa siku nyingi pale Kisangani, na mama yake, Mama Khadija, alikuwa na neno moja asilochoka kulirudia: "Nyumba hii loso ndiyo jina letu." Desturi yao ilikuwa kwamba kabla ya posa, binti huja kupika chungu kimoja cha wali mbele ya mama na mashangazi. Mwanamume siku hiyo haruhusiwi hata kupita barabara ile. Chungu kikikataliwa, posa haiendi.

Jioni ya kuamkia siku ile, simu ikalia kutoka Yangambi.

"Chérie, usiogope."

"Niko na ogopa, Sefu."

"Tia fundo mbili. Kisha utoe mbele ya kupakua. Usisahau kutoa."

"Na wakiniuliza ni majani gani?"

"Bon... usiseme mi nilikupa. Tafazali. Nitakuelezea kisha."

"Sababu gani?"

"Niahidi tu, mon cœur."

Akaahidi. Moyo wake ulimwambia hapo pana jambo, lakini mtu mwenye hofu ya chungu hana nafasi ya hofu ya pili.

Kesho yake alipika vizuri kuliko alivyowahi kupika. Mashangazi walikaa kwenye mabenchi na vilemba vyao, wakimtazama kila alipoinua mkono. Maji yalipokauka, harufu ilijaa ua mzima, na shangazi mmoja akasahau alichokuwa akisema. Priscille akachomoa fundo la kwanza, akalitupa. Wakati ule ule shangazi mwingine akamuuliza kama baba yake angali hai, na yeye, kwa adabu, akageuka kujibu. Fundo la pili likabaki ndani.

Mama Khadija alitia tonge la kwanza mdomoni, akafumba macho. "Ee," akasema polepole. "Mutoto huyu anajua." Priscille akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Tonge la pili. La tatu. Kisha vidole vya mama vikasimama, vikavuta kitu kutoka kwenye wali, kirefu, kimelegea, kimefungwa.

Mashangazi wakaacha kula.

"Iko nini hii?"

"Ni majani, mama. Ya harufu."

"Majani ya harufu inafungwa fundo?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyotisha. Katika mji ule hakuna asiyejua kazi ya fundo ndani ya chakula: mwanamke anamfunga mwanamume asione mwingine, anawafunga na ndugu zake wasiseme neno. "Mutoto wangu umekwisha kumufunga. Sasa ulitaka na mi nifungwe?"

"Hapana, mama, naapa..."

"Nani alikupa?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Neno moja tu na yote yangekwisha. Lakini alikuwa ameahidi, naye alikuwa mjinga wa kushika ahadi.

"Siwezi kusema, mama."

Hakuna jibu baya kuliko lile. Mashangazi walisimama wote, mmoja akamwaga sahani yake chini. Priscille alitoka peke yake, na kabla hajafika nyumbani habari ilikuwa imemtangulia.

Siku zilizofuata wateja waliingia dukani, wakamwona, wakakumbuka wana safari. Alipiga simu Yangambi mpaka kidole kikauma. Haikupokelewa. Alijiuliza swali lile lile akifagia, akioga, akipima kitenge cha watu: je, Sefu naye ameamini? Siku Sefu alipopokea hatimaye, Priscille alikuwa hana salamu tena.

"Ambia mama yako ukweli, Sefu."

"Chérie, ngoja kidogo, réseau ya simu iko..."

"Réseau iko muzuri. Mi nasikia mpaka kuku ya tonton wako!"

Sefu akapumua kwa nguvu. Ndipo akasema. Shina la pandani lilikuwa la mjomba wake, Tonton Mohamadi, aliyemlea na anayeishi naye Yangambi. Lilikuwa shina moja tu, alilopewa na rafiki aliyekwisha kufa, na mzee aliapa hakuna atakayeligusa. Sefu alikuwa akiiba majani, na vichipukizi pia. Na Tonton Mohamadi ndiye mwenye kupeleka posa.

"Akikasirika, hapeleki posa, Priscille. Niliogopa kukukosa."

"Uliogopa kunikosa, ukaniacha niitwe mulozi?" Sauti yake ilipasuka. "Donc mi niharibike jina, weye ubaki mutoto muzuri ya tonton?"

"Chérie..."

"Usiniite."

Akakata. Akalia kwa hasira, si kwa huzuni, na hasira ile ilimuuma zaidi kwa sababu bado alimpenda.

"Ng'oa majani ile," Chancelle akamwambia. "Watu wanapita kuangalia beseni yetu."

Priscille akaenda nyuma ya nyumba, akashika shina kwa mikono miwili. Majani yalipokwaruzana yakatoa harufu yao. Akabaki pale ameinama, hang'oi wala haachi, mpaka Chancelle akarudi ndani.

Jumamosi asubuhi simu ikaita. Namba ilikuwa ya Mama Khadija.

"Kuya nyumbani. Na usilete kitu cha kupika."

Basi. Ikakatwa. Priscille alivaa lile liputa la buluu, akalivua, akalivaa tena. Njia nzima nyuma ya toleka alikuwa akipanga maneno: wakimtukana, atanyamaza, wakimtukania mama yake, hatanyamaza.

Alipoingia uani, jambo la kwanza lililompokea lilikuwa ile harufu.

Sefu alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, shati lake jeupe limejaa majivu, anapepea makaa. Mashangazi walikuwa kwenye mabenchi yao. Mama Khadija alikaa kwenye kiti chake, na pembeni yake mzee mwenye kofia na kanzu iliyokunjamana kwa safari ya mashua, kidevu juu ya fimbo.

Sefu akasimama. Hakumtazama Priscille, aliwatazama wakubwa wake.

"Sasa amefika, niseme mbele yake. Jani hii mi nilimupa. Fundo mi nilimufundisha. Na kusema 'siwezi kusema', mi nilimuomba. Tonton, majani ni yako. Mi niliiba. Nilinyamaza kwa sababu ya woga, na woga wangu ulimuchafua mutoto wa watu."

Tonton Mohamadi akainua kidevu kutoka kwenye fimbo.

"Ni weye?"

"Ni mi, tonton."

"Mi nimeachana na jirani Célestin sababu ya majani hii! Nimesema ni mbuzi yake inakula! Mwaka muzima hatusalimiane!"

Shangazi mmoja akaziba mdomo kwa kitambaa chake. Mama Khadija hakucheka. Akaamuru sufuria iletwe, akaingiza mkono wake wenye hina ndani ya wali wa moto, akatoa fundo. Akalipuliza. Kisha, taratibu, kwa kucha, akalifungua mpaka jani likanyooka, akaliinua wote walione.

Priscille aliliona jani lile limenyooka. Alijua ni jani tu. Hata hivyo alimtazama Sefu kwa hofu ya mtoto.

"Nimefungua," mama akasema. "Sefu, uko huru. Bado unamutaka?"

"Bado, mama. Kupita jana."

Mama akamgeukia Priscille, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitafuta njia. "Binti yangu, nilikuita jina baya mbele ya watu. Mbele ya watu hawa hawa, unisamehe. Na weye, bado unamutaka huyu muoga?"

Kila mtu alingoja. Sefu alishika pepeo kifuani kwa mikono yote miwili. Priscille alimwacha angoje. Alikuwa amengojeshwa zaidi.

Kisha akavuka ua, akapokea lile jani kutoka mkononi mwa mama, lingali na joto. Akamkazia Sefu macho.

"Siku ingine ukininyamazia," akasema, "mi siko na fungua. Niko na kata."

"Nimesikia, chérie."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Ndipo akalifunga fundo upya, akalikaza, akalitia mfukoni mwa shati jeupe la Sefu.

"Mohamadi," Mama Khadija akasema, akianza kupakua, "posa inaenda Ijumaa."

Mzee akapokea sahani yake, akanusa, akatia tonge. Akatafuna muda mrefu. "Itaenda," akasema mwishowe. "Lakini mbele niende kwa Célestin, niombe mbuzi yake musamaha."

Mashangazi wakaangua kicheko, na safari hii hata Mama Khadija. Priscille hakucheka. Alikaa chini kando ya mbabula, akashika kichwa, akalia kama aliyetua mzigo, na Sefu akachuchumaa karibu yake na kumpepea.