Simu ya Fundi Mapazia

Kriii, kraaa, shiii. Kabla hakujapambazuka, modemu inayounganisha kompyuta na laini ya simu ilianza kulia sebuleni. Nikajua binti yangu mkubwa ameamka.

Binti huyu ni fundi wa mapazia. Kwa sababu ya ulimi wake tumempa jina la utani, Sindano. Ninaishi naye pamoja na mume wake. Kila alfajiri huingiza picha za vitambaa kwenye kompyuta, kisha huwatumia wateja kwa barua pepe. Picha moja ikianza kwenda, unaweza kufagia chumba kizima kabla haijafika.

Mdogo wake naye ni fundi wa mapazia. Anakaa ng'ambo ya barabara, na nyumba yake inatazamana na yetu. Kampuni ya simu ilikuwa imemwekea laini ya dijitali. Tangu siku hiyo Sindano hakuwa na raha. Kila saa alikuwa dirishani.

"Mama, njoo uone," aliniambia asubuhi hiyo, akifunua pazia kidogo. "Mteja mwingine anaingia kwake. Yule alikuwa wangu."

"Pengine amepita kusalimia."

"Kusalimia na vipimo vya dirisha mkononi?"

Wote wawili nimewazaa mimi. Ningeanzia wapi?

Jioni mkwe wangu alirudi na boksi. Ndani mlikuwa na modemu mpya, yenye kasi kuliko ile ya zamani. Maskini, alikuwa ametembea nayo toka mjini ili mkewe afurahi.

"Hii imeandikwa kasi ya kilobiti hamsini na sita kwa sekunde," alisema. "Ya shemeji ni sitini na nne. Ametupita nane tu."

"Nane si kitu," alisema Sindano. "Nitamfikia."

Waliifunga. Ikalia kama ile ya zamani. Barua zilizoingia zilikuja upesi zaidi. Lakini picha zilizotoka zilikokota miguu vilevile.

"Mume wangu, wamekuuzia boksi tupu."

"Si tupu. Nimelibeba mwenyewe, mabega yanajua."

Kesho yake mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alibisha hodi. Alikuwa anahema.

"Wewe ndiye Sindano? Nimepiga simu asubuhi nzima. Kila nikipiga, laini inatumika. Nikakata tamaa, nikampigia fundi wa ng'ambo."

Uso wa Sindano ulikunjamana. "Akapokea?"

"Hapo hapo. Nikamwambia nataka mapazia ya mikunjo, vyumba vyote. Akasema, 'Mikunjo nenda kwa dada. Ana mkono ambao mimi sina.' Ndiye aliyenielekeza kwako."

Sindano alichukua daftari. Aliandika vipimo, akakubali kazi. Mgeni alipoondoka, alivaa viatu.

"Wapi tena?" nikamuuliza.

"Ng'ambo. Usinicheke, mama."

"Sikucheki. Twende wote."

Tulimkuta mdogo wake akizungumza na mteja kwenye simu. Pembeni yake, kompyuta ilikuwa inatuma picha. Hapakuwa na kelele yoyote. Sindano alisimama akatazama mpaka mazungumzo yakaisha.

"Unaongea na picha inakwenda?"

"Karibu dada. Kaa kwanza."

"Nikae nini. Shemeji yako amenunua ya hamsini na sita. Wewe una sitini na nne. Mbona unaniacha hivi?"

Mdogo wake alimvutia kiti. "Usilinganishe namba za boksi peke yake. Modemu hupita kwenye laini ya kawaida, iliyotengenezwa kwa sauti za watu. Kwa hiyo inageuza picha kuwa sauti. Ndizo zile kelele. Upande wa pili sauti inageuzwa tena kuwa picha. Hiyo hamsini na sita ni ya kupokea, tena laini iwe safi. Ikiwa na mikwaruzo, kasi inashuka. Kutuma ni kama thelathini na tatu tu. Na kazi yako wewe ni kutuma."

"Na yako?"

"Yangu haigeuzi picha kuwa sauti. Ni sitini na nne kutuma, sitini na nne kupokea. Tena waya ni ule ule, lakini una njia mbili. Moja naongea, moja natuma. Nisipoongea, naweza kuziunganisha zote mbili, kasi ikawa maradufu."

"Basi kila mtu aiweke," nikasema.

"Hapana, mama. Ada yake ni kubwa. Jirani yetu fundi saa husoma barua mbili kwa wiki. Modemu inamtosha kabisa. Tena nyumba ikiwa mbali sana na mitambo ya simu, laini hii haifiki. Lazima waje wapime kwanza. Na muwaulize kama simu itafanya kazi umeme ukikatika."

Sindano aliinamisha kichwa. "Nilidhani unaninyang'anya wateja."

"Wengine nimewachukua, dada. Niliwasihi wakungoje, hawakutaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilipiga simu. Laini ilikuwa inatumika."

"Ungevuka barabara."

"Nilivuka. Nikaona umefunga pazia."

Sindano alimshika mdogo wake mkono.

Watu wa simu walikuja, wakapima, wakasema nyumba yetu inafaa. Walifunga laini mpya. Modemu tulimpa fundi saa, akashukuru sana. Sasa Sindano hutuma picha huku anapokea simu. Mama wa nyumba ya wageni akipiga, anampata. Kazi ya mikunjo ikawa nyingi, hata mdogo wake akaja kumsaidia. Walishona kwenye meza moja kutwa nzima, wakibishana kuhusu uzi.

Jioni mdogo alichukua mkoba wake.

"Nitakupigia kesho, dada. Siku hizi unapatikana."

"Usipige," alisema Sindano, akimfungulia mlango. "Uje mwenyewe. Uje tena kesho."